Maji ya Mji Huanzia Shambani

Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Kisii na Nyamira haikai huko. Huteremka katika Mto Kuja, ambao watu wa Gusii huuita Gucha, ikapita kando ya mashamba ya mahindi na miwa katika Migori, ikakutana na Mto Migori, kisha ikaingia katika Ziwa Victoria huko Nyatike. Upande wa Homa Bay, mito ya Awach Tende na Awach Kibuon huchukua mvua ya nchi ya juu na kuimwaga katika Ghuba ya Winam. Kila mto hubeba kile unachokikuta njiani: udongo, samadi, mbolea, dawa ya kuulia wadudu, na uchafu wa vyoo vilivyojengwa mahali pabaya.

Mwisho wa safari hiyo yako mabomba, madebe na mitungi. Mji wa Homa Bay umejengwa ukingoni mwa ziwa na hunywa maji ya ziwa. Mji wa Migori umejengwa juu ya mto wenye jina hilo hilo. Basi mkulima akisema kwamba maji ya mji ni shauri la watu wa mji, amekosea. Maji hayo yalipita kwake kwanza.

Makala haya yaeleza jinsi watu wa kaunti hizi mbili, pamoja na serikali, majirani na marafiki wa mbali, walivyojaribu kuleta mitambo na njia za kutunza maji zisizoharibu nchi. Twataka msomaji ashike jambo moja: chombo peke yake hakileti maji safi. Pampu, choo, taa au tangi hudumu pale tu ambapo washirika wamekwisha kupatana nani atakileta, nani atakitunza, na nani atalipa siku kitakapovunjika.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, na Kaunti ya Migori watu 1,116,436. Hao ni zaidi ya milioni mbili, na wengi wao bado huchota maji kwa mikono yao wenyewe kutoka mtoni, ziwani, kisimani au chemchemini.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka katika Migori na Homa Bay. Kaunti hizi zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kupatwa katika mlipuko ule ulioenea baadaye sehemu nyingi za Kenya. Kipindupindu hakiletwi na hewa wala na laana. Huletwa na choo kilichoingia katika maji au chakula. Mgonjwa huharisha maji mengi, na asipopata maji ya chumvi na sukari na matibabu upesi, anaweza kufa kwa saa chache.

Ugonjwa huo ukiingia, hasara haiishii hospitalini. Watu huogopa chakula cha sokoni. Mama aliyeleta sukuma wiki na nyanya kutoka Rangwe au Awendo huzirudisha nyumbani zimenyauka. Maziwa hayanunuliwi hotelini. Mkulima ambaye hakuugua hata siku moja hupoteza mapato ya msimu. Kwa hiyo choo kizuri mjini ni faida ya mkulima, na mto safi shambani ni faida ya mtu wa mji.

Lipo jambo la pili. Udongo wa shamba unapochukuliwa na maji, hubeba mbolea pamoja nao. Mbolea hiyo hulisha gugu maji na mwani wa kijani ziwani. Gugu maji lilionekana katika maji ya Kenya ya Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha lilikuwa limeziba ghuba na bandari za wavuvi. Katika mwaka 1997 wataalamu walianza kuachilia wadudu wadogo aina ya fukusi, walao gugu hilo na si mimea ya shambani, nao walisaidia sana kulipunguza. Lakini gugu hurudi kila linapopata chakula, na chakula chake hutoka nchi kavu.

Mwani nao una hatari yake. Aina nyingine hutoa sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi sumu hiyo ya mwani. Maji ya ziwa yakionekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani, usiyachote kwa kunywa wala usinyweshe mifugo.

MJI UNAOITWA SHAURI YAKO

Katika mji wa Homa Bay kuna mtaa uitwao Shauri Yako. Jina hilo lachekesha, lakini katika mambo ya maji halifai. Uchafu ukitupwa katika mtaa mmoja, mvua huupeleka mtaa mwingine, kisha ziwani, na ziwa huurudisha kwa wote. Hapa hakuna shauri yako. Ni shauri letu.

Hilo ndilo lililotambuliwa mwaka 2004 ulipoanzishwa Mpango wa Maji na Usafi wa Ziwa Victoria. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania ili kuisaidia miji midogo iliyo kando ya ziwa. Serikali ya Uholanzi ilitoa fedha. Kwa upande wa Kenya, Homa Bay na Kisii zilikuwa miongoni mwa miji iliyochaguliwa.

Kwa nini miji midogo? Kwa sababu mji mdogo hukua upesi kuliko mabomba yake. Watu huhamia kutafuta kazi na biashara, nyumba hujengwa ovyo, na kabla mtu hajageuka mji una watu maelfu bila vyoo vya kutosha. Mji mkubwa hupata wakopeshaji na wahandisi. Mji mdogo husahauliwa. Na hali miji hiyo ikiungana, uchafu wake ziwani si mdogo.

Mpango huo haukuanza na mtambo mkubwa. Ulianza na kazi ambazo watu wangeziona kwa macho yao mapema: kutengeneza mitambo ya maji iliyochakaa, kujenga vyoo, na kuondoa takataka. Kwa vyoo vya nyumbani ilitumika njia ya mfuko wa mzunguko. Mtu hukopeshwa kiasi cha kujenga choo, hulipa kidogo kidogo, na fedha anazozirudisha hukopeshwa jirani yake. Akina mama wa vikundi vya kuweka akiba waijua njia hii vizuri, maana ni ile ile ya kupeana zamu.

Tena katika kila mji liliundwa baraza la washirika. Humo walikaa pamoja wakuu wa mji, watu wa maji, vikundi vya wanawake na vijana, wafanyabiashara na wakaaji wa mitaa maskini. Baraza la namna hii lina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi anajua kipimo cha bomba. Mama anayechota maji anajua saa ambayo bomba hukauka na mahali ambapo msichana huogopa kupita jioni. Wote wawili wasipokutana, kioski hujengwa pasipo na wateja, na choo hujengwa pasipofikika.

ISEBANIA NA MAJIRANI WA MPAKANI

Awamu ya pili ya mpango huo iliongozwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkono wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu. Fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Safari hii ilichaguliwa miji kumi na mitano, mitatu katika kila nchi kati ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Miji ya Kenya ilikuwa Kericho, Keroka na Isebania.

Isebania iko katika Kaunti ya Migori, mpakani kabisa, na ng'ambo yake ni Sirari ya Tanzania. Malori husimama hapo, watu hulala, biashara hufanyika mchana na usiku. Maji machafu hayaonyeshi pasipoti. Ndiyo sababu ilifaa mji wa mpakani uhudumiwe na mpango wa nchi zote za bonde wala si wa nchi moja.

Msomaji aweza kuuliza: Rwanda na Burundi ziko mbali na ziwa, zaingiaje? Jibu ni kwamba Mto Kagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani, hukusanya maji yake katika nchi hizo. Aliye juu ya mto ni mshirika wa aliye chini, apende asipende.

TAA ZA JUA ZA MBITA

Sasa na tutazame mfano mwingine, ambao ulianza kwa wavuvi. Usiku, wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji ili samaki wakusanyike. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Mafuta hugharimu fedha nyingi, moshi wake huumiza kifua, na yanayomwagika huingia katika maji yale yale ambayo kesho yatanywewa.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ya Ujerumani, pamoja na mfuko wa kuhifadhi mazingira uitwao Global Nature Fund, ilifungua kituo cha nishati ya jua huko Mbita, katika Homa Bay. Juu ya paa ziliwekwa sahani za kunasa mwanga wa jua. Mchana jua lilitia nguvu katika betri. Jioni mvuvi alikuja kukodi taa iliyojaa. Aliweka dhamana, akalipa kodi ya usiku ule, na asubuhi akaleta taa ijazwe tena. Kituo kilitoa pia maji ya kunywa: mvua ilikingwa kutoka paani, ikasafishwa, ikauzwa kwa wenyeji.

Yapo mafunzo matatu hapa. Kwanza, paa moja lilifanya kazi mbili, kukusanya jua na kukusanya mvua. Pili, mvuvi hakutakiwa kununua mtambo ghali; alilipia mwanga anaoutumia, kama alivyozoea kulipia mafuta. Tatu, betri zilizokufa zilirudi kituoni badala ya kutupwa ziwani. Betri ni sumu. Kifaa cha jua kisichokuwa na mahali pa kurudishia betri kuukuu bado hakijawa kifaa safi.

Mfano huu waonyesha kwamba mshirika si lazima awe serikali tu. Yaweza kuwa kampuni, shirika la hiari, au chama cha wavuvi wa ufukweni. Lakini kila mmoja lazima ajue kazi yake.

PAMPU YA JUA NA SHILINGI YA AKIBA

Siku hizi pampu za jua zapatikana madukani, na vikundi vingi vya maji vyazitaka. Ni haki yao. Pampu ya jua haihitaji dizeli. Mchana hupandisha maji katika tangi lililoinuliwa, na kutoka hapo maji hushuka yenyewe hadi kwenye mabomba na vioski. Siku za mawingu, maji yaliyokwisha kupanda tangini huendelea kutumika.

Lakini tukumbuke yaliyopita. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilitangaza lengo la kuwapatia watu wote maji safi mahali pa karibu ifikapo mwaka 2000. Kazi nyingi zilifanyika, na watu walijitolea kwa moyo wa Harambee. Hata hivyo mwaka 2000 ulipofika, lengo hilo lilikuwa bado mbali. Visima vingi katika nchi vilikuwa vimenyamaza kwa kukosa kipuri kidogo tu, kwa sababu siku ya kufungua kulikuwa na ngoma na hotuba, lakini hapakuwa na mfuko wa matengenezo.

Jua ni la bure, lakini pampu si ya bure. Basi tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kioski cha kikundi huuza madebe 150 ya lita 20 kwa siku. Kikundi kikiamua kwamba katika bei ya kila debe shilingi moja ni ya akiba ya matengenezo, haiguswi kwa jambo lingine, basi:

Kwa siku moja akiba ni shilingi 150.
Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 4,500.
Kwa miezi 12 ni shilingi 54,000.

Pampu ikiharibika, kikundi hakina haja ya kwenda kumpigia mtu magoti. Hesabu na iandikwe katika kitabu, isomwe mbele ya wanachama kila mwezi, na fedha ziwekwe benki kwa sahihi za watu watatu, angalau mmoja wao awe mama, maana yeye ndiye anayejua uzito wa debe.

Kabla ya kuchimba kisima kirefu cha mashine, kikundi lazima kipate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji yapimwe maabara. Maji yanayong'aa yaweza kuwa na chumvi nyingi au floridi nyingi iharibuyo meno na mifupa ya watoto. Ni afadhali kujua kabla ya kununua pampu.

VYOO VINAVYOFAA NCHI YA ZIWANI

Choo ni mlinzi wa kwanza wa maji. Kilicho rahisi na chema ni choo cha shimo chenye bomba la hewa. Namna hii ilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970 na imeenea duniani. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, kwa hiyo nyumba ya choo hainuki. Nzi walio shimoni hufuata mwanga unaoonekana juu ya bomba, wakakutana na wavu na kufia hapo. Ili kifanye kazi, ndani pawe na giza, bomba liwe refu kupita paa, na wavu usiwe umetoboka.

Choo kijengwe upande wa chini wa kisima, si upande wa juu, na kiwe mbali nacho, angalau mita 30.

Lakini ufukweni shimo refu halifai. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufikia na kupita kidogo kimo chake cha mwaka 1964, kilichokuwa kimesimama kama alama kubwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Mashamba, nyumba na vyoo vya ufukweni viliingia majini. Choo kilichozama ni kisima cha magonjwa.

Mahali kama hapo, na mahali penye mwamba au udongo mweusi wa mfinyanzi, jenga choo cha juu kisicho na shimo refu. Hicho kina vyumba viwili vya matofali juu ya ardhi, na mkojo hutengwa na kinyesi. Baada ya kukitumia mtu hunyunyiza majivu. Chumba kimoja kikijaa hufungwa na kukaushwa mwaka mzima huku kingine kikitumika. Kinachotoka baadaye ni kama udongo mkavu, nacho hutiwa kwenye mashimo ya kupandia miti, si kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Kwa mji wenye mabomba ya majitaka, njia isiyohitaji umeme mwingi ni mabwawa ya kusafishia. Majitaka hupita bwawa baada ya bwawa polepole. Uzito huzama, bakteria hula uchafu, na jua huua vijidudu vingi. Lakini mabwawa yakijaa matope bila kuzolewa, maji hupita yakiwa bado machafu. Hapa tena kazi ni utunzaji.

PAA LAKO NI KISIMA

Kila nyumba yenye mabati ina kisima juu yake. Kanuni ni rahisi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 ina mita 30 za mraba. Mvua moja ya milimita 20 huleta lita 600. Toa sehemu moja katika tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, zabaki lita 480, yaani madebe 24. Hayo ni madebe ambayo mama au mtoto hakuyabeba kichwani.

Mifereji iwe imeinama vizuri. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, kwa maana yanaosha mavi ya ndege na vumbi. Tangi lifunikwe ili mbu wasizae. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Kumbuka kwamba klorini haifanyi kazi vizuri katika maji yenye matope. Yachuje kwanza kwa kitambaa safi na kuyaacha yatulie. Asiye na kuni wala dawa aweza kutumia jua: ajaze chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2 kwa maji maangavu, ailaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu.

KAZI YA MKULIMA ALIYE JUU YA MTO

Mtambo wa kusafisha maji ya mji hutumia shabu ili kuyafanya matope yagandamane na kuzama. Maji yakija mekundu, shabu nyingi zaidi hutumika, na gharama hiyo hulipwa na mnunuzi wa maji. Basi kila koleo la udongo unaloliacha liende mtoni ni hasara mara mbili: wewe umepoteza rutuba, na mji umepoteza fedha.

Fanyeni mambo haya:

1. Acheni ukanda usiolimwa kando ya mto, usiopungua mita 6, na mto ukiwa mpana ongezeni hadi mita 30. Pandeni humo majani na miti ya kienyeji, wala si mikaratusi inayokunywa maji mengi.

2. Limeni kwa kukinga mteremko, na mchimbe matuta ya fanya juu. Juu ya tuta pandeni majani ya nepia kwa ng'ombe.

3. Jaribuni kilimo cha kusukuma na kuvuta, kilichotengenezwa na wataalamu wa kituo cha wadudu cha icipe, ambacho kina kampasi huko Mbita, wakishirikiana na watafiti wa Kenya na wa Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua na kukidhoofisha kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo. Nepia huwavuta nondo watoke. Pamoja na hayo udongo hufunikwa usichukuliwe na mvua, na ng'ombe hupata chakula.

4. Msinyweshe ng'ombe ndani ya mto au chemchemi. Wajengeeni birika pembeni.

5. Msioshe bomba la kupulizia dawa mtoni. Maji ya kuoshea yamwageni shambani, mbali na maji.

6. Jiungeni na chama cha watumiaji wa maji wa mto wenu. Vyama hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Humo mkulima, mfugaji, mwenye kiwanda na kampuni ya maji ya mji hukaa meza moja.

NENO KWA WACHIMBA DHAHABU

Katika Migori, hasa Nyatike na Macalder, wako wengi wanaochimba dhahabu kwa mikono. Wengine hutumia zebaki kushika chembe za dhahabu, kisha huichoma katika karai. Moshi wake huingia mapafuni, na zebaki inayomwagika hufika mtoni, ikaingia katika samaki. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, watu waligunduliwa kuugua mishipa ya fahamu kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Watoto wengine walizaliwa wakiwa na ulemavu. Mapatano ya dunia ya kupunguza zebaki, yaliyotiwa sahihi mwaka 2013, yaliitwa Minamata ili mambo hayo yasisahauliwe.

Wachimbaji wanaweza kushirikiana kununua chombo kilichofungwa cha kuchomea, kinachonasa mvuke wa zebaki na kuurudisha uwe maji tena. Mwenye nacho hupumua salama, na hupata zebaki yake ya kutumia tena. Afadhali zaidi ni njia zisizotumia zebaki kabisa, ambazo wataalamu wa mpango wa planetGOLD wamekuwa wakiwafundisha wachimbaji wa Kenya. Kamwe zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto.

MAPATANO KABLA YA MTAMBO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa kufaa. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti ndizo zenye kazi ya huduma za maji na usafi. Kwa hiyo mwananchi ana mahali pa kuuliza, na ana haki ya kuuliza. Lakini haki hailindi kisima usiku, wala haifungi kizibo cha tangi.

Mgeni akija na mradi, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni mambo manne kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Chombo hiki kitakuwa mali ya nani? Nani katika sisi atafundishwa kukitengeneza? Vipuri vyapatikana mji gani? Fedha za matengenezo zitatoka wapi na zitakaa wapi? Majibu yaandikwe, yasomwe barazani, na kila upande utie sahihi. Mshirika mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi, kwa sababu amejua kwamba kazi yake haitakufa siku atakapoondoka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkulima wa Rangwe azuie udongo wake, mvuvi wa Mbita arudishe betri yake, mchimbaji wa Macalder afunge zebaki yake, mwenye nyumba wa Isebania ajenge choo chake, na wakuu wa kaunti watunze mabwawa na mabomba. Mwezi huu, kabla mvua hazijakolea, kikundi chako na kikutane na kuchagua kazi moja tu kati ya hizi tulizozitaja. Mwulizeni Bwana Shamba na Afisa wa Afya wa kata yenu, wawaonyeshe namna ya kuianza.